Mrejesho: ile patcha ya gemu iliyokua inataka nifungue poti

Jamani mimi ndo yule wa Malindi niliewauliza mbona patcha ya gemu (ile programu ya kushusha masasisho) inashusha kwa kilobaiti chache na kila saa inaniandikia nikafungue poti (milango ya mtandao) kwenye ruta. Imekubali, ahsanteni sana.

Poti nilikua nishazifungua zamani, 6881 mpaka 6999, zile za bittorrent (mfumo wa watu kugawiana mafaili), maana patcha inavuta vipande kwa wachezaji wengine badala ya seva yao, na bado wapi. Alienifungua macho ni yule alosema niangalie IP ya WAN, yaani anwani ambayo ruta inapewa na kampuni ya intaneti, nikakuta inaanza na 100.72, kumbe zote kuanzia 100.64 mpaka 100.127 si za umma, kampuni ya intaneti inaweka wateja wengi nyuma ya IP moja, kwa hivo hata uhangaike na ruta yako mpaka kesho, kule kwao hakupitiki.

Dawa ilikua kwenye seting za patcha yenyewe, kuna tiki ya kuvuta kwa wenzako, nikaitoa, ikaanza kushuka kutoka kwa seva moja kwa moja. Yaani hii ndo inaniuma, kwa nini wasiiseme hapo hapo kwenye ile meseji? Wengi huku ruta ni ya mwenye nyumba, paswadi hata hupewi, utafungua nini?

Binamu yangu wa Lamu nimemkopia folda nzima kwenye fleshi, patcha yake ikakagua mafaili ikamalizia kidogo tu. Na zile poti nishazifunga, hazina kazi tena.