Mawe ya bustani yamezunguka wiki nne, mbona hayang'ai?

Mama Katindo, Goma
Jambo zenu. Tulipomaliza kupanga bustani lilibaki gunia zima la mawe: mengine ya mto, madogo, laini, mengine haya meusi yetu ya volkano. Mume wangu alitaka kuyatupa barabarani. Shemeji akaniletea kutoka Kampala mashine ya kuzungusha mawe, pipa lake la raba linachukua kama kilo moja na nusu.

Nimefuata maelezo: unga mkali wa kukwaruza namba 60/90 siku saba, halafu 220, halafu 500 (namba ikipanda chembe zinakuwa ndogo), mwisho unga wa kung'arisha. Umeme ukikatika naliacha lilale, ukirudi linaendelea. Basi jana nimefungua. Yakiwa na maji yanapendeza kama sambaza wabichi, wale samaki wadogo wa ziwani. Yakikauka, majivu matupu. Meusi ndiyo kabisa, vitundu vimejaa uji wa kijivu. Nimekosea wapi? Na yakikubali niyafanyie nini? Baba watoto ananitazama tu, hasemi kitu.

Fundi wa Ruzizi, Bukavu
Mama, umeme hauna kosa, hesabu tu saa lilizozunguka kweli. Adui ni hayo meusi. Lava ilipokuwa inapoa, gesi iliacha vitundu, na kila kitundu ni mfuko: kilibeba chembe za 60 mpaka hatua ya mwisho. Chembe chache tu zinakwaruza pipa zima.

Yatoe. Sugua pipa kwa mswaki, na ukingo wa mfuniko usiusahau, hapo ndipo chembe zinajificha. Kisha jaribu kila jiwe kwa ncha ya kisu. Linalochorika lisikae na lisilochorika, maana gumu litalila laini. Ujaze pipa theluthi mbili au zaidi kidogo. Likiwa tupu mawe yanaanguka na kupasuka. Maji yafike karibu na mawe ya juu, yasiyafunike. Rudi hatua ya kwanza, na usitoke hapo mpaka mashimo yaishe, hata kama ni wiki tatu. Wengi wetu tunaharibu hapo kwa haraka.

Ile tope usimwage kwenye sinki! Mimi nilimwaga. Tulikata bomba kwa msumeno, ndani kulikuwa kama saruji. Mwaga kwenye shimo nje.

Mtoto wa Kopa, Lubumbashi
Huku kwetu watu wataniuliza malakiti, lile jiwe la kijani la shaba. Msiiweke na mawe ya mto: ugumu wake ni 3.5 hadi 4 kwenye kipimo cha Mohs, kwarizi iliyo kwenye mawe ya mto ni 7. Na vumbi lake lina shaba, msilisugue likiwa kavu ndani ya nyumba. Mama, ukipata mawe 64 yanayolingana, una kete za kisoro, mchezo wetu wa bao.

Mama Katindo, Goma
Asanteni. Nimerudia, hatua ya kwanza peke yake siku 19. Safari hii yamekauka na bado yanang'aa. Kuna moja jeupe lina mshipa mwekundu, naliweka mfukoni nikienda sokoni. Kete nimefikisha 41. Meusi yako bafuni, yanasugua visigino, na hiyo kazi yanaiweza kuliko jiwe lolote la kununua. Baba watoto amechukua manne kushikilia kitambaa cha meza barazani, upepo wa ziwa ukipiga. Hajasema kitu bado.