MJADALA: Wanafunzi wa uhandisi wanaojitolea, watuchimbie visima vipya au wafufue vilivyokufa?

Mleta mada (Pangani): Wakuu, kijijini kwetu walishuka wanafunzi wa uhandisi wa kujitolea, wakachimba kisima, wakafunga pampu ya mkono, tukawapikia ubwabwa kwa samaki, wakaondoka. Mwaka wa pili pampu ikawa inakohoa tu. Nikaifungua na kijana wa gereji ya pikipiki: mpira wa pistoni umelika upande mmoja kama ndala ya mvuvi. Kitu kinachoenea kiganjani! Tulizunguka maduka ya Tanga mjini kutwa nzima, hatukuupata. Sasa kundi jingine linakuja kuchimba kipya, hatua mia kutoka kile cha zamani. Mimi nasema wasichimbe. Wafungue, wafundishe, waache vipuri.

Wa Muheza: Mgeni njoo mwenyeji apone, wewe unamchagulia mgeni zawadi! Vijana wanajitolea, waacheni wachimbe. Viwili si bora kuliko kimoja?

Mleta mada: Viwili vilivyokufa?

Fundi bomba: Kwanza semeni ni pampu gani. Huku pwani maji yana chumvi. Ukifunga India Mark II yenye mabomba ya chuma, kutu inayala, maji yanatoka mekundu kama chai. Afridev bomba lake la kupandishia ni la plastiki, na pistoni yake unaivuta juu bila kung'oa bomba zima. Spana moja inatosha. Mkianza asubuhi, kabla ya adhuhuri mmeshabadilisha mpira. Hilo waulizeni kabla hawajakoroga zege. Tena msiwaachie wachimbe kirefu ovyo karibu na bahari, mkivuta sana mnaikaribisha bahari kisimani.

Wa Muheza: Sawa fundi, ila tusiwatie wote kapu moja. Wahandisi Wasio na Mipaka wa Marekani, chama alichoanzisha Profesa Bernard Amadei wa Colorado mwaka 2002, hawachimbi tu wakapiga picha. Wanataka kijiji chenyewe kiombe mradi na kichangie.

Mwanakijiji, Mkinga: Na wetu je? Wanafunzi wa uhandisi wa Dar wanatafuta nafasi za mafunzo kwa vitendo kila mwaka. Wapangiwe pampu hizi. Wanajua Kiswahili, na wakikwama simu ni ya hapa hapa.

Mweka hazina, jumuiya ya watumia maji: Kaka zangu, mnabishania wanafunzi, fundi wa kijiji mmemsahau. Wa kwanza tuliyemfundisha alikuwa kijana hodari. Akapata kazi Dar, akaenda na ujuzi wake na spana yetu juu! Safari ya pili tukachagua akina mama wawili wenye watoto shule ya hapa. Hao hawahami. Tunatoza shilingi hamsini kwa ndoo, mipira tunanunua mapema, inakaa kwenye kopo la maziwa kabatini kwangu.

Mleta mada: Dada, hapo umenikamata, maana sisi hatukuwahi kutoza hata senti. Jumatano wageni wana kikao na kijiji. Nitawapitisha kwenye pampu mbovu kwanza, ubwabwa baadaye. Na hilo kopo lako naomba picha.