Tope la mgodi lisafishe maji yenye sumu: tukubali au tukatae?

Mleta mada: Wakuu, heshima kwenu. Februari 18, 2025 bwawa la tope la mgodi wa shaba lilipasuka Chambishi, Zambia, na lita kama milioni 50 za maji ya asidi zikaingia mto Kafue. Samaki wakaelea. Serikali ikamwaga chokaa, mpaka kwa ndege, kwa sababu asidi ikipungua, shaba na wenzake huganda na kuzama. Sasa jamani, mabwawa mengi ya tope huko yamejaa unga wa mawe ya jamii hiyohiyo ya chokaa, umeshasagwa, umelala tu! Kuna na tope jekundu lenye kutu ya chuma, ambayo hung'ang'ania sumu iitwayo aseniki. Kwa nini tununue dawa tuliyoikalia?

Mchimbaji wa Geita: Mkuu, unasema "tope la mgodi" kana kwamba ni kitu kimoja. Marudio yetu huku, yaani mabaki ya mawe ya dhahabu yaliyosagwa, yameshapita kwenye zebaki, halafu mwenye mtambo anayanunua akayaloweke kwenye sayanaidi kutoa dhahabu iliyobaki. Hayo yatatibu nini? Niliwahi kujaribu kwangu: ndoo nimeitoboa, changarawe chini, udongo mwekundu wa shimoni juu. Maji yaliingia na rangi ya chai ya maziwa, yakatoka meupe pee. Jirani akaja na kikombe. Nikayamwaga mbele yake, akaninunia siku nzima. Aseniki haina rangi wala harufu, na mimi kipimo sina.

Mwanakemia: Ulifanya vema kumwaga, ila hilo haliui mada. Tope hupimwa kabla: linatikiswa kwenye maji safi, kisha kwenye maji yenye asidi kidogo, unaangalia linaachia nini. Likiachia madini ya risasi, libaki bwawani. Tena hapa hatuzungumzii maji ya kunywa, ni yale yanayochuruzika kutoka mgodini. Zebaki nayo msitegemee chokaa kuiondoa, hiyo ni kesi nyingine kabisa.

Mama Tarime: Wanangu, mmesahau tope lenyewe baada ya kazi. Likishashiba risasi linakwenda wapi? Likinyeshewa maji ya asidi si litatapika yote? Mgodi wa risasi wa Kabwe, hukohuko Zambia, ulifungwa 1994, na hadi leo watoto wa pale wanakutwa na risasi kwenye damu, kwa vumbi la taka zilezile. Mimi naogopa siku kampuni itakapofuta neno "taka" kwenye makaratasi na kuandika "malighafi", halafu gharama ya kulifunga bwawa iwe imeyeyuka.

Mleta mada: Mama, hapo umenibana. Basi narekebisha: litumike ndani ya eneo la mgodi tu, lililoshiba lirudi kwenye shimo lililotandikwa turubai nzito, na libaki mali ya mwenye mgodi hata akishafunga. Fedha ya kazi hiyo aiweke kabla hajaanza.

Mchimbaji wa Geita: Sawa. Na kipimo kitashikwa na nani, yeye au sisi tunaochota chini ya mto?