Hilux ya zamani ya dizeli kuvuta karavani: nianze na tabo au na nini?

Mzigo_Mwepesi

Wakuu, salaam. Gari ni Hilux kebini mbili, injini ya 3L (ni jina la injini, si lita tatu), dizeli isiyo na tabo (turbo, kifaa cha kusukumia hewa zaidi kwenye injini), gia tano za mkono, imeshatembea kilomita 340,000 na ushee. Nataka ivute karavani ya ekseli moja, kilo 1,300 ikiwa imejaa maji, gesi na vyombo. Karavani ina breki za umeme.

Injini inawaka bila shida na haili oili. Kasoro ni kwamba kwenye mlima mrefu mshale wa joto unapanda kidogo kisha unatulia. Themostati ilishatolewa zamani na haikurudishwa. Springi za nyuma zimeongezwa majani mawili, kwa hiyo gari tupu imeinuka mkia. Mpango wangu ni kufunga tabo kwanza, halafu ndoano ya kuvutia, halafu waya za taa na breki za karavani. Niko sahihi?

Spana17

Umeanzia mkiani, mkuu. Tabo iwe ya mwisho, na kwa kilo 1,300 inawezekana usiihitaji kabisa. 3L ya lita 2.8 itavuta. Utapanda mlima kwa gia ya tatu ukiwa nyuma ya malori, na hapo hapajaharibika kitu. Gari za aina hii zinauawa na joto, na dereva wake anauawa na breki. Ukifunga tabo leo unaongeza moto kwenye silinda hedi ambayo hata sasa haipozwi sawasawa.

Anza na hiyo themostati. Kuitoa ili "maji yapite vizuri" ni ugonjwa wa magereji mengi, na kwenye injini hii unaleta kinyume cha ulichotaka. Themostati yake ina sahani mbili. Ya juu inafungua njia ya kwenda kwenye rejeta, ya chini inaziba njia ya mkato inayorudisha maji moto kwenye pampu. Ukiitoa, njia ya mkato inabaki wazi muda wote, na sehemu ya maji moto inazunguka ndani ya injini bila kuiona rejeta. Ukiwa huna mzigo hutajua. Ukiwa na tela mlimani, mshale unapanda.

Nunua mpya, na kabla ya kuifunga itumbukize kwenye sufuria ya maji pamoja na kipimajoto. Iliyoandikwa 82 inatakiwa kuanza kufunguka kati ya nyuzi 80 na 84, na maji yakifika 95 iwe imefunguka milimita 8 au zaidi. Hata mpya nyingine hazifungui, kwa hiyo usione uvivu.

Kisha rejeta. Injini ikiwa moto, pitisha kipimajoto cha miale juu ya uso wote wa rejeta. Joto lishuke taratibu kutoka upande maji yanapoingia kwenda upande yanapotoka. Ukikuta kiraka cha baridi katikati, mirija ya hapo imeziba. Rejeta ya shaba hufunguliwa vichwa ikasukumwa mirija kwa waya bapa. Ya alumini yenye vichwa vya plastiki badilisha tu. Osha pia nje, na kati ya rejeta na kondensa ya eisii (kiyoyozi), maana vumbi na wadudu hujishindilia pale mahali pasipoonekana.

Feni: zima injini ikiwa moto kabisa, izungushe kwa mkono. Ikatae. Ikizunguka kirahisi kama ya mezani, mafuta ya silikoni ndani ya klachi ya feni yamekwisha. Na ile kava ya plastiki inayozunguka feni iwepo nzima. Bila hiyo, feni inazungusha hewa ileile ya moto iliyoko kwenye injini badala ya kuivuta kupitia rejeta.

Ukimaliza hayo na joto bado linapanda, shuku hedi. Asubuhi injini ikiwa baridi, iwashe na ushike hozi ya juu: ikiwa ngumu ndani ya dakika moja au mbili wakati maji bado ya baridi, kuna gesi ya mwako inaingia kwenye maji. Hapo ni gasketi au ufa. Pima mgandamizo wa silinda kabla ya kutia senti nyingine: kiwango cha chini ni bar 20, na tofauti kati ya silinda na silinda isizidi bar 5. Ikishindwa kipimo hicho, usiendelee na habari za karavani.

Na mkanda wa taimingi: kila kilomita 100,000. Kama hujui ulibadilishwa lini, hesabu kwamba haujabadilishwa. Ukikatika, vali zinagonga pistoni.

Chasi_na_Bolti

Spana kasema ya injini, mimi nashuka chini ya gari.

Ndoano ifungwe kwenye reli zote mbili za chasi, si kwenye bampa. Kwanza piga reli kwa nyundo ndogo kuanzia kwenye kishikio cha nyuma cha springi hadi mwisho. Sauti iwe kali. Ikiwa butu au magamba yakimwagika, kutu imekula, na hapo hakuna ndoano itakayoshika. Bolti M12 za daraja 8.8, angalau tatu kila upande, na bati la kutandaza mzigo upande wa pili wa reli. Usikubali kuchomelea mstari wa kukatiza reli juu au chini, kwa sababu chasi hupasuka palepale weldi ilipoishia. Na ukichomelea chochote, ondoa kwanza nyaya za betri, la sivyo utanunua alteneta.

Tufe la ndoano lipime kwa kalipa (kipimio cha unene). Yapo ya milimita 50 na ya inchi 2, yaani 50.8. Kikombe cha inchi 2 juu ya tufe la 50 kinacheza na kugonga. Kikombe cha 50 juu ya la 50.8 hakikai vizuri. Lipo pia la inchi 1 na 7/8, kama milimita 47.6, ambalo kwa macho linafanana na hayo mengine na ndilo linaloachia tela barabarani. Tufe la 50 likilika hadi 49, tupa.

Sasa uzito. Pua ya karavani ilalie ndoano kwa takriban asilimia 10 ya uzito wake, yaani kilo 130 kwako. Hesabu inayowapiga watu chenga ni hii: kilo 130 pale nyuma si kilo 130 kwenye ekseli. Tuseme tufe liko mita 1.2 nyuma ya ekseli, na kati ya ekseli na ekseli ni mita 2.85. 130 × 1.2 ÷ 2.85 ni kama kilo 55. Hizo zinanyanyuliwa kutoka magurudumu ya mbele na kuhamia nyuma, kwa hiyo ekseli ya nyuma inapokea 185. Ongeza watu wa kiti cha nyuma na mizigo ya bodi, kisha linganisha na kiwango cha ekseli kwenye kibati cha gari.

Mizani ya bafuni haifiki 130, lakini bao la mbao linasaidia. Bao lilalie tofali upande mmoja na mizani upande wa pili, kwa urefu uleule. Pua ikae sentimita 30 kutoka kwenye tofali na 60 kutoka kwenye mizani. Pima bao peke yake kwanza, uzito wake uutoe, kinachobaki zidisha kwa 3.

Jambo ambalo hukuuliza, na kwangu ndilo zito kuliko yote: hayo majani mawili ya springi. Juu ya ekseli ya nyuma kuna fimbo inayopanda hadi kwenye vali ya breki kwenye chasi. Vali hiyo inapima urefu kati ya chasi na ekseli: gari ikilala, inajua kuna mzigo na kupeleka presha zaidi kwenye breki za nyuma, gari ikiinuka, inapunguza. Springi zako zimeinua mkia, kwa hiyo vali inaamini gari iko tupu hata ukiwa umepakia hadi juu. Breki za mbele zinafanya kazi peke yake, diski zinaungua, na kwenye mteremko kanyagio linazama. Pima springi zimeinua kiasi gani ukilinganisha na urefu wa kiwandani, kisha pandisha kishikio cha fimbo upande wa ekseli kwa kiasi hichohicho. Hakikisha pia vali haijaganda: mwenzio akanyage breki wewe ukitazama na kusukuma mkono wake. Nyingi zimeshikwa na kutu kwa sababu hakuna anayezigusa.

Binafsi ningetoa jani moja. Springi ngumu kupita kiasi hurusha pua ya karavani kwenye kila tuta.

Mzigo_Mwepesi

Nimekagua. Vali imeganda kweli, mkono hausogei kabisa. Feni inazunguka huru ikiwa moto. Reli za chasi ziko vizuri. Vali na klachi ya feni naagiza pamoja na themostati.

Upande wa umeme: fundi waya anasema tutumie waya ya milimita za mraba 1.5 kwa kila kitu, ikiwemo breki. Na kwenye barabara tambarare naweza kukaa gia ya tano?

WayaMoja

1.5 kwa taa, sawa. Kwa breki, hapana. Sumaku moja ya breki ya tela inakula karibu ampea 3, una magurudumu mawili, jumla 6. Kutoka kwa dereva hadi kwenye karavani ni kama mita 8, na umeme lazima urudi, kwa hiyo mita 16. Kwa 1.5 utapoteza zaidi ya volti 1 njiani, na sumaku ikipungukiwa volti inashika kwa ulegevu. Kwa waya ya 4 upotevu unashuka hadi kama 0.4. Weka 4, au 6 ukiipata. Hasi nayo iwe ya unene uleule, irudi kwa waya wake hadi kwenye betri. Usitegemee ndoano kuwa hasi: kuna grisi, rangi na kutu, na ndiyo sababu ya taa za tela kuwaka kama mishumaa kila ukikanyaga breki.

Kidhibiti cha breki, kile kisanduku cha kwa dereva kinachopeleka umeme kwenye breki za karavani, kipate chanya moja kwa moja kutoka betrini kupitia fyuzi yake, na ishara kutoka kwenye waya wa taa za breki. Kikiwa cha aina inayohisi mwendo, kifungwe kwenye pembe ambayo kijitabu chake kinaruhusu. Kukirekebisha: barabara tupu, kavu, tambarare, kilomita 30 hadi 40 kwa saa, vuta mkono wake tu bila kugusa kanyagio. Karavani ikuvute nyuma kwa nguvu, magurudumu yake yakikaribia kufunga lakini yasifunge.

Swichi ya dharura, ile yenye kamba inayochomoka tela likiachana na gari, ijaribu ukiwa umechomoa plagi ya karavani kwenye gari. Ukiiacha imechomekwa unaweza kuunguza kidhibiti. Chomoa pini, magurudumu yafunge, rudisha pini upesi. Yasipofunga, betri ndogo ya karavani imekufa.

Friji ya karavani usiiunganishe kwenye waya wa taa. Iwe na waya wake mnene na rilei (swichi ya umeme) inayokata injini ikizimwa. Indiketa zikianza kupepesa mbiombio baada ya kuchomeka tela, si hitilafu: flasha (kifaa cha kupepesa indiketa) ya zamani ya joto imezidiwa na balbu za ziada. Weka ya kielektroniki iliyotengenezwa kwa kuvuta tela.

Spana17

Gia ya tano: acha. Kwenye giaboksi hizi ya nne ndiyo mojakwamoja, nguvu inapita bila kubebwa na meno ya pembeni. Ya tano imebandikwa nyuma kabisa ya boksi na ndiyo ya kwanza kulia ikibebeshwa. Kaa ya nne. Kelele zaidi, dizeli zaidi kidogo, boksi zima.

Kwenye mteremko shuka kwa gia ileile ambayo ungepandia. Usitegemee dizeli isiyo na tabo ikushikilie kama lori. Haina breki ya ekzosi.

Kwa kuwa ni dizeli, busta ya breki (inayosaidia mguu wako) inapata vakyumu kutoka kwenye pampu iliyo nyuma ya alteneta. Jaribu hivi: injini imezimwa, kanyaga mara tano sita hadi kanyagio liwe gumu, endelea kulikanyaga, washa. Lizame kidogo lenyewe. Lisipozama, pampu, hozi au busta imechoka. Mafuta ya breki kama yana rangi ya chai, badilisha yote. Yamenyonya maji na yatachemka.

Difu (diferenshali, meno ya ekseli ya nyuma): oili mpya ya daraja la GL-5, na safisha kipumulio juu ya ekseli. Kikiziba, difu likipata moto presha inasukuma oili kupita sili hadi kwenye breki shuu.

Chasi_na_Bolti

Matairi ya karavani usiyaamini kwa kashata (meno ya tairi). Tazama tarakimu nne za mwisho ubavuni: 2318 ni wiki ya 23 ya mwaka 2018. Yakipita miaka sita, hata yakiwa na nywele, badilisha. Namba ya mzigo iwe na akiba: 100 ni kilo 800 kwa tairi, 104 ni 900. Beringi za habu zifungue, osha, jaza grisi ya lithiamu kwa kuishindilia kati ya roli na si kuipaka juu.

Ndani ya karavani vizito vikae sakafuni juu ya ekseli. Ukijaza nyuma, pua inakuwa nyepesi na tela linaanza kucheza mkia. Likicheza: ondoa mguu kwenye mafuta, vuta mkono wa breki ya tela peke yake, shika usukani wima. Usikanyage breki ya gari kwa nguvu na usijaribu kulifukuza kwa usukani.

Minyororo ya usalama ipitishwe kwa msalaba chini ya pua, ili pua ikichomoka idakwe isilime barabara.

Mzigo_Mwepesi

Tabo nimeifuta kwenye orodha. Swali moja la mwisho: nati za magurudumu ya karavani nizikaze upya baada ya umbali gani?

Chasi_na_Bolti

Kilomita 50 za kwanza, kisha tena kilomita 100, kwa spana ya kupimia nguvu. Na bolti za ndoano siku hiyohiyo.