Mjadala: Ghala bovu la Malindi, lijengewe wanaolala nje au libomolewe?

KahawaChungu: Wanabaraza, asalaam alaykum. Kuna ghala moja upande wa Malindi, hapa hapa Mji Mkongwe wa Zanzibar, paa nusu limeshaanguka. Usiku wanalala watu wanane, tisa, juu ya maboksi. Rai yangu lisibomolewe. Litiwe vyoo, mabomba ya kuogea, makabati yenye kufuli (mtu akenda kubeba mizigo ndoo yake aikute), na baraza ndefu yenye kivuli. Milango iwe miwili, mmoja uelekee mtaani na muuza kahawa akae hapo, sote tuingie. Pasiwe pa kufichia watu. Mwasemaje?

Mtumzima_Shangani: Jenga uone, kila boti itashusha wageni wako. Halafu baraza si kitanda. Ni pa kukaa kitako watu na heshima zao, kahawa, bao, habari za mji. Lakini watoto wa maghorofa ya Michenzani baraza mtaijulia wapi.

Ghorofa_ya_Tatu: Ya boti nakusamehe. Ya Michenzani sikusamehe. Nyumba ya babu yangu ilikuwa na baraza mbili za udongo, kulia na kushoto ya mlango, ikabomolewa miaka ya 70 kupisha majumba ya ramani za Wajarumani wa Mashariki. Kapewa ghorofa ya tatu, maji ndani, kashukuru. Lakini kila alasiri akishuka na kibao cha mbuzi akae chini ya ngazi apate kuona watu. Bibi juu anapiga kelele, nazi ataikunia nini!

Mtumzima_Shangani: Sasa kibao cha mbuzi ndiyo baraza?

BintiKikwajuni: 😂😂 Mzee kashinda na kibao chake.

Mpemba_wa_Wete: Kwetu halali mtu nje. Mpemba hulala dukani.

Nesi_Mstaafu: Naomba mnisikilize kidogo. Kuna mzee nilimfuatilia ile pensheni jamii ya kuanzia miaka 70, iliyoanza 2016 kwa shilingi 20,000 kwa mwezi. Kwanza kitambulisho cha Mzanzibari mkaazi. Kitambulisho kinataka sheha, mkuu wa shehia unayokaa, akutambue. Sheha gani, wa shehia ya maboksi? Basi hilo ghala kabla ya godoro liwe na anwani, na siku moja kwa wiki sheha akae pale na muhuri wake.

Ghorofa_ya_Tatu: @Mtumzima_Shangani nijibu hili basi. Nyumba unayotutambia ni mali yenu au ya wakfu? Maana Mji Mkongwe nyumba kadhaa watu waliziweka wakfu masikini wapate pa kukaa.

Mtumzima_Shangani: Adabu! Babu yangu alikuwa akilipa kodi kila mwezi!

BintiKikwajuni: Kwa hivyo ni ya wakfu 👀

MamaUrojo: Mie nilipoolewa mjini, masika njia ikijaa maji tukipita juu ya baraza, nyumba hadi nyumba, viatu mkononi. Hapana aliyeuliza huyu nani. Sasa nyumba ya pili yetu imekuwa hoteli, barazani wamepanga vyungu vya maua, hata paka hapati pa kujinyoosha.

Mtumzima_Shangani: Vyungu vinapendezesha mji. Na Malindi ni urithi wa dunia tangu 2000, huwezi kutia hata dirisha la alumini bila ruhusa. Mnadhani mtapewa ya mabafu?

MamaUrojo: Mawe, chokaa na boriti, ndivyo mji ulivyojengwa. Bafu la chokaa limekatazwa na nani? Na vyungu vyenyewe vina miba, nimevigusa kwa mkono wangu.

Mtumzima_Shangani: Asumini haina miba.

MamaUrojo: Si asumini! Ni yale madudu ya jangwani.

Mpemba_wa_Wete: Mpungate?

Mtumzima_Shangani: Wazee wana nyumba zao za kutunzwa, Sebleni na Welezo. Tunarudia nini?

Nesi_Mstaafu: Hizo ni za wazee. Kijana wa miaka 30 aliyefukuzwa kwao aende wapi? Na la sheha bado hamjalijibu.

KahawaChungu: Jamani, mie niliuliza ghala. Nimepita leo alfajiri, mmoja amefunga ndoo yake mguuni kwa kamba ndiyo kalala.

Ghorofa_ya_Tatu: Ghala tutalifikia. Kwanza Mtumzima aombe radhi ya kibao cha mbuzi.