Usaili wa kutunza mbwa na paka Masaki: wataniuliza nini, nijiandae vipi?

binti_wa_temeke

Habari zenu wakuu. Jumamosi nimeitwa usaili Masaki. Familia inasafiri wiki tatu kuanzia katikati ya Desemba, wanataka mtu wa kulala pale pale na wanyama: Jemani shepadi dume, mbwa jike wa kienyeji waliyemwokota, na paka wawili. Paka mmoja ana kisukari, anachomwa insulini asubuhi na jioni. Mama mwenye nyumba amesema usaili utakuwa "pamoja na mbwa".

Nimezoea mbwa wa ulinzi wa kufungiwa bandani, siyo hawa wa kulala kwenye kochi. Wataniuliza nini, niende vipi, na mimi niwaulize nini? Pia ni Mwislamu, sijui kama hilo nilitaje.

kamba_na_kola

Dada, "pamoja na mbwa" maana yake usaili unaanzia getini. "Napenda sana wanyama" kila anayekuja anaisema, haimwambii mwenye nyumba chochote. Ataangalia unavyosimama na mikono yako inafanya nini.

Vaa suruali ndefu ya kitambaa kigumu na viatu vya kufunga visivyoteleza. Hereni za kuning'inia, bangili na manukato makali viache nyumbani. Ukivaa mtandio, ncha zake zichomekee ndani, maana mbwa mchangamfu akiona kitambaa kinapepea anakirukia. Usipite mtaa wenye mbwa koko ukawachezea njiani, harufu yao utaingia nayo.

Hata ukikuta geti liko wazi, usiingie. Mwombe mlinzi amwite mwenyewe. Ukiingia, simama ubavu, mikono imelegea, usimkazie mbwa macho, endelea kuongea na mama kana kwamba mbwa hayupo. Mwache anuse. Akiondoka, usimfuate. Akirudi mwili umelegea na kiuno kinacheza pamoja na mkia, mkune kifuani kwa sekunde tatu, kisha toa mkono. Akisogea tena, amekubali. Asiposogea, basi. Kumwinamia na kumpapasa utosini ndiko kunakowaangusha wengi, hasa kwa mbwa aliyeokotwa ambaye hujui mkono wa mtu umemfanyia nini huko nyuma.

Mkia kutikisika peke yake siyo urafiki. Mkia uliosimama wima, mgumu, unaotikisika haraka haraka, huo ni wa mbwa anayekupima. Dalili za "niache" ni kujilamba pua, kupiga miayo wakati hana usingizi, na kugeuza uso huku jicho likibaki kwako na weupe wake ukionekana. Akifumba mdomo ghafla na mwili ukaganda, hapo umefika mwisho: acha ulichokuwa unafanya, tazama pembeni, rudi nyuma pole pole. Ukiziona dalili hizi zitaje kwa sauti: "Huyu jike hajaniamini bado, namwachia nafasi." Mama atajua unasoma mbwa, hubahatishi.

Ukipewa kamba umtembeze, kwanza angalia kola. Vidole viwili viingie kati ya kola na shingo. Vikiingia vinne, kichwa kitachomoka siku ya kwanza akishtuliwa na bodaboda. Kwa yule jike shauri afungwe hanesi (mkanda wa kifuani) pamoja na kola, kamba ishike vyote viwili. Kamba usiizungushe vidoleni, shepadi akiruka utavunjika. Na usijigambe kwamba utawatoa wote wawili pamoja. Sema siku za mwanzo utawatoa mmoja mmoja.

Swali la joto litakuja, Desemba Dar unaijua. Jibu: matembezi ni kabla ya saa mbili asubuhi au baada ya saa kumi na moja jioni, na kabla ya kutoka unaweka mgongo wa kiganja kwenye lami kwa sekunde saba. Ukishindwa kuvumilia, nyayo zake nazo zitaungua.

Lingine ni "akitoroka utafanyaje?" Usiseme utamkimbiza, maana ukimkimbiza anaongeza mbio. Unamwita kwa sauti ya furaha huku unaelekea upande wa pili, au unachuchumaa, au unamtoa mwenzake na kamba ili amfuate. Mlinzi anabaki na geti wazi, na picha ya mbwa inatumwa kwa majirani na daktari wa mifugo papo hapo.

chapati_maji

Beba soseji mfukoni, yote hayo hutayahitaji 😂

kamba_na_kola

Ndiyo njia ya kuanzisha ugomvi, mkuu. Mbwa wawili, mgeni katikati, nyama mfukoni. Pia humjui nani ana mzio wa nini. Ukitaka kutoa chochote, muulize mama kwanza, mpe kila mmoja peke yake. Hata kwenye kulisha kwa kila siku, sema utawalisha sehemu mbili tofauti na utaondoa mabakuli baada ya dakika ishirini.

dkt_mifugo_pwani

Naongeza upande wa afya, kwa sababu mwenye paka wa kisukari atakubana hapo.

Insulini. Utaratibu ni kula kwanza, sindano baadaye, kila baada ya saa 12. Paka asipokula usimchome, piga simu kwa daktari. Ukichoma na ukahisi dawa imemwagika kwenye manyoya (manyoya yanalowa, harufu ya dawa unaisikia), usirudie dozi. Sukari ikipanda kwa nusu siku anavumilia, lakini dozi mbili zinaweza kumuua. Dalili za sukari kushuka ni kulegea, kuyumba, kutetemeka, halafu degedege. Mpake asali au maji mazito ya glukosi kwenye fizi, kidogo kidogo, uende naye kliniki.

Hili watu wanalikosea: sirinji. Kuna insulini ya U-40 (uniti 40 kwa kila mililita) na ya U-100 (uniti 100 kwa mililita), na kila moja ina sirinji yake. Ukivuta insulini ya U-100 kwa sirinji ya U-40 mpaka alama ya 10, umechukua uniti 25. Sirinji za maduka ya dawa ya binadamu kwa kawaida ni za U-100, kwa hiyo zikiisha usikimbilie duka lolote. Kwenye usaili uliza: "Insulini yake ni U ngapi, na mmeacha sirinji za kutosha wiki tatu?" Sirinji moja mara moja, yaani 42, na za akiba juu yake.

Dawa inakaa friji, nyuzi 2 hadi 8, mbali na sehemu ya barafu. Ikiganda, imekufa. Kwa hiyo uliza namba ya mita ya LUKU na nani ananunua umeme. Uniti zikiisha usiku wa Krismasi ni tatizo la paka pia.

Mambo ambayo hayasubiri asubuhi, yashike kichwani:

Shepadi tumbo limevimba, anahangaika, anajaribu kutapika na hakitoki kitu: tumbo limejipinda, mpeleke saa hiyo hiyo. Mbwa wa kifua kirefu ndio wanaopatwa zaidi, ndiyo maana hatoki mbio akishakula.

Paka dume anaenda kwenye mchanga wake wa choo mara kwa mara, anakamua, mkojo hautoki. Watu hudhani ni choo kigumu. Njia imeziba, na ndani ya siku moja au mbili anaweza kufa.

Fizi nyeupe, homa, mkojo wa rangi ya kahawia: homa ya kupe. Joto la kawaida la mbwa ni kati ya 38 na 39.2, usilinganishe na la mtu. Uliza dawa ya kupe wametumia ipi na tarehe gani, na kila mkirudi matembezini pekua masikio, katikati ya vidole na chini ya mkia. Ila dawa ya kupe ya mbwa yenye permethrini isimguse paka, inamletea degedege. Paka na Panadol pia hapana, hata kipande.

Sumu (wezi hurusha nyama ukutani, na sumu ya panya ipo kila nyumba): usimpe maziwa wala maji ya chumvi, chukua pakiti uende nayo. Sumu nyingi za panya huonyesha damu baada ya siku tatu hadi tano, kwa hiyo "mbona yuko sawa" haitoshi.

Na wewe mwenyewe, omba kuona kadi ya chanjo ya kichaa cha mbwa, tarehe isiwe imepita. Ukitaka kuifanya kazi hii kwa muda mrefu, chanja kabla: mwongozo wa Shirika la Afya Duniani ni dozi mbili, siku ya 0 na ya 7. Uking'atwa, osha jeraha kwa sabuni na maji yanayotiririka dakika 15, nenda hospitali siku hiyo hiyo hata kama mbwa ana kadi.

masaki_nyuma_ya_geti

Kwa upande wa waajiri: kitambulisho cha NIDA, barua ya serikali ya mtaa na namba za wadhamini wawili ambao umewaambia watapigiwa. Mdhamini anayeshtuka simuni anakuharibia.

Maswali yako yaandike kwenye daftari, ulitoe mezani bila aibu. Daktari wao ni nani, na usiku ni nani? Mkikosekana kwenye simu, naruhusiwa kukubali matibabu mpaka shilingi ngapi? Hilo liandikwe na lisainiwe, kliniki nyingine haigusi mnyama bila kujua nani analipa. Usiku wa manane nampeleka na nini? Shepadi wa kilo 35 bajaji wengi wanamkataa, bodaboda ndiyo kabisa. Kama wana dereva, chukua namba yake. Paka wana boksi la kubebea, na wanalikubali?

Mkesha wa mwaka mpya uliza kabla hujaulizwa. Fataki za Dar zinarusha mbwa ukuta. Matembezi yaishe mapema, saa tatu usiku wote wawe chumba cha ndani, mapazia yamefungwa, redio inaongea, kola zenye namba ya simu shingoni. Dawa ya kutuliza ni ya kuandikiwa na daktari tu.

Malipo zungumzeni kwa usiku, siyo "kwa kazi yote", ili wakichelewa kurudi isiwe mjadala. Pesa ya vyakula na mchanga wa paka iwe mbali na yako, na risiti utunze. Picha za wanyama tuma kwao kila siku, ila usiweke mitandaoni. Ukipost ukumbi wa watu waliosafiri umewaita wezi.

abuu_fundi

Kuhusu dini, taja mwenyewe mapema, kwa wepesi. Kwa madhehebu ya Shafii tunayofuata wengi Pwani, tatizo ni mate na unyevu wa mbwa: panaoshwa mara saba, moja kwa maji yenye udongo. Tenga nguo na viatu vya kazi, omba chumba ambacho mbwa haingii na bomba la kujisafishia. Paka ni msafi kisheria, hana shida. Wasichopenda waajiri ni kuona unamkwepa mbwa bila kusema sababu.

binti_wa_temeke

Nawashukuru sana. Dkt, sijawahi kuchoma sindano paka. Nikisema ukweli si watanikataa?

dkt_mifugo_pwani

Sema, kisha malizia na ombi: "Naomba nimchome mwenyewe mkiwepo, jioni moja na asubuhi moja kabla hamjasafiri." Mwenye akili atafurahi. Unamchoma wakati anakula au amemaliza tu, unainua ngozi ya ubavuni iwe kama hema, sindano inaingia kwenye sehemu ya chini ya hema, sambamba na mwili. Ukiiinua ngozi nyembamba mno, sindano inatokea upande wa pili na unamwagia manyoya. Ukipata kazi, andika kila dozi kwa kalamu kwenye karatasi iliyobandikwa ukutani: tarehe, saa, amekula kiasi gani, uniti ngapi. Ukishikwa na shaka saa sita usiku kama ulimchoma au la, karatasi itakujibu. Kama karatasi haina kitu na bado una shaka, hesabu kwamba ulimchoma, subiri zamu inayofuata.