Choo kimejaa, gari halifiki: pampu ya mkono, vyura, au tungoje mvua?

Mwanatandale
Wakuu habari za asubuhi. Nakaa Tandale, kule bondeni karibu na Mto Ng'ombe. Nyumba ya vyumba tisa, choo kimoja, shimo limejengewa matairi. Limejaa tena, wakati tulinyonya Januari tu. Gari la majitaka linaishia kwenye lami na mpira wake haufiki. Kikao cha jana uani kimetoka na mawazo matatu. La kwanza, kuna vijana wana pampu ya mkono, wanavuta kwenye mapipa na kubeba kwa guta. La pili, tuite vyura, wale wanaoshuka shimoni kutapisha kwa ndoo, wachimbe pembeni wazike humohumo. La tatu ni la mwenye nyumba: tusijichoshe, mvua ikikolea tutapishe kama majirani, yaani tutoe kizibo cha shimo uchafu uende na maji ya mvua. Mimi niko upande wa pampu. Aliyewahi kuitumia atupe uzoefu. Na tusitukanane.

Wa Buza
Umesema tusitukanane halafu mada ni choo. Ngoja waje.

Fundi Chemba
Pampu ni nzuri kwa sehemu kama hizo. Bomba linashuka shimoni mita moja na kidogo, unapandisha na kushusha mpini, tope linatokea mdomoni na kuingia kwenye pipa. Kazi kubwa ni takataka. Lazima mvue kwanza: matambara, pampasi, chupa, viatu. Mwaka jana nilivua sufuria yenye mfuniko wake. Halafu mnaongeza maji na kukoroga, maana tope la chini limekaza kama ugali wa dona. Na kwa kuwa ni shimo la matairi, msikubali likaushwe lote kwa mkupuo, mchanga wa pembeni utasukuma na choo kitalala. Ila niseme ukweli, wanaotumia maji chooni ndio wanaojaza mashimo. Wenye karatasi shimo lao linakaa miaka.

Bint Pangani
Rudia hapo mwisho. Yaani sisi tunaotawaza ndio tumeijaza Tandale? Kwetu mtoto anajua kopo kabla hajajua alifu. Kopo moja lina lita moja, kaka. Wewe unayejifuta na gazeti ndiye unayemfanya huyo mwenye pampu avue kama yuko feri. Hiyo sufuria nayo aliitupa mwenye kopo?

Mnyalu wa Mbezi
Dada, jazba ya nini? Karatasi ni mti, inaoza. Maji yataenda wapi udongo ukishashiba? Kwetu Iringa shimo linachimbwa refu, wajukuu wanalikuta. Hujawahi kuona gari la majitaka kijijini kwetu.

Bint Pangani
Sijaliona kwa sababu barabara hamna.

Mchora Ramani
Samahani, mleta mada nikuulize. Hapo kwenu mkichimba, maji yanatokea futi ya ngapi? Kama maji ya ardhini yako karibu, shimo linajazwa kutoka chini. Gari linanyonya maji ya juu, tope zito linabaki, wiki mbili baadaye maji yamerudi palepale nanyi mmeshalipa. Hapo si suala la kopo wala karatasi. Choo kingeinuliwa juu, likajengwa tangi lililosakafiwa na kuzibwa pande zote, likavutwa kidogokidogo kila baada ya muda.

Wa Buza
Futi tena, mkuu? Hata mafundi wa Buza siku hizi wanapima kwa mita.

Babu wa Keko
Vijana mnaona pampu ya mkono ni jambo jipya. Mwishoni mwa miaka ya 80 kuingia ya 90 Waholanzi walikuja hapa Dar na mtambo unaitwa MAPET, na waliopewa ni vyura wenyewe. Mkokoteni mmoja ulikuwa na pampu yenye gurudumu kubwa la kuzungusha kwa mkono, mwingine tangi la lita 200. Wanapenya vichochoroni kama wauza maji. Lakini mkokoteni utaufikishaje kwenye mabwawa ya majitaka ya Vingunguti? Kwa hiyo uchafu ulizikwa uani hapohapo. Baadaye mradi ukafifia. Nakumbuka kuna kipuri kilitoka Kenya, kikivunjika mwenye mkokoteni hana hela ya kingine.

Mtu wa Githurai
Kumbe hata choo chenu kikijaa ni makosa ya Kenya! Hebu niwaambie. Sisi Kibera tulikuwa na Vacutug, kimashine kidogo cha injini cha kunyonya choo, tangu katikati ya miaka ya tisini, mambo ya UN-Habitat. Tangi la lita 500, mwendo wa pole hata shosho anaipita, lakini inaingia pahali eksosta haiwezi kuingia. Nyinyi mnangoja nini?

Wa Buza
Eksosta? Huku ekzosi ni bomba la gari la kutolea moshi. Nyie mnanyonya choo kwa ekzosi?

Mtu wa Githurai
Eksosta ni lori la choo. Nyinyi mnaliitaje?

Wa Buza
Gari la majitaka. Mbele ya wageni, gari la maji machafu. Watoto wana jina lao na huwa wanalikimbilia huku wameziba pua.

Chura Mstaafu
Mnaandika "vyura" kama kichekesho. Mimi nimeifanya hiyo kazi. Unaitwa usiku ili majirani wasione. Unamwaga mafuta ya taa kupunguza harufu, unachimba shimo jipya pembeni, unatoboa ukuta, tope linahama lenyewe. Lisilohama unaingia na ndoo, limekufika kifuani. Hakuna glovu, hakuna buti. Wembe ulinipasua unyayo, nikakaa ndani miezi miwili, na aliyeniita hakunijulia hali. Ukiwa hujanywa gongo huwezi kushuka. Kijana, lipia pampu.

Ustadhi wa Ilala
Pole sana ndugu. Ila hiyo gongo ndiyo iliyokuponza, ungeuona wembe.

Chura Mstaafu
Ningeuona na nini, ustadhi? Mshumaa haukai shimoni.

Fundi Chemba
Nilikuwa kazini, narudi nakuta nimeambiwa najifuta na gazeti. Bint Pangani, mimi ni wa Tanga, Chumbageni, na kopo langu nasafiri nalo. Nilikuwa na maana ya maji ya kuoga. Nyumba za kupanga bafu na choo ni chumba kimoja, ndoo tisa asubuhi, ndoo tisa jioni, zote zinaingia shimoni. Yakitengewa shimo lake la kokoto na mawe, choo kinapumua.

Bint Pangani
Hukuandika kuoga. Panda juu ukasome. Na mtu wa Chumbageni hawezi kuandika vile, labda ulipita na basi.

Mwenye Nyumba Mstaafu
Nina nyumba Manzese, acha niseme, kila siku tunaonewa sisi. Mtu anakodi chumba akisema yuko peke yake, usiku wanalala sita. Kodi ya chumba inaletwa kwa mbinde, ya choo hawataki kuisikia. Mwaka juzi niliita gari mwenyewe, nikalipa kutoka kwenye pensheni, na mpangaji mmoja akalalamika kwamba limemkanyagia maua. Mwacheni mwenzangu angoje mvua. Mvua ni ya Mungu, haina ankara.

Nesi wa Zamu
Mvua ni ya Mungu, na kipindupindu ni cha nani? Agosti 2015 kilianzia hapahapa Dar ndipo kikasambaa mikoani. Nilikuwepo kambini. Mtu analetwa na bodaboda, macho yameingia ndani, ukivuta ngozi ya mkono inabaki imesimama. Tulikuwa tunatafuta mshipa mpaka shingoni. Wewe unatoa kizibo Tandale, Mto Ng'ombe unapeleka Msimbazi, na Msimbazi ndio unaomwagilia mchicha unaorudi sokoni kwenu Manzese. Halafu kuna Sheria ya Afya ya Jamii ya 2009. Bwana afya akikukuta na hicho kizibo mkononi, mwambie habari za ankara.

Mwenye Nyumba Mstaafu
Mchicha wa Msimbazi silii.

Wa Buza
Ndio maana amefika umri wa pensheni.

Mnyalu wa Mbezi
Kwani Dar mchicha usio wa Msimbazi unapatikana wapi? Nauliza kwa nia njema.

Bint Pangani
Huku Mbagala kuna mama analima wa maji ya kisima.

Mchora Ramani
Kisima hicho kiko umbali gani na choo chake?

Bint Pangani
Wewe na visima vyako.

Mwanatandale
Wakuu nimerudi. Kurasa nne, mchicha nimepata, jibu la pampu bado. Aliyeuliza kina cha maji: tulipochimbia nguzo ya geti, futi ya nne maji yakatoka. Vijana wa pampu wamekuja kuchungulia. Wanataka elfu kumi na tano kwa pipa, na wanasema mapipa kumi hayapungui. Nikamwuliza kiongozi wao wanamwaga wapi, akajibu "mabwawani". Nikamwuliza kwa guta, mpaka Vingunguti? Akacheka. Mwenye nyumba anasema tugawane vyumba tisa, yeye hamo. Chumba namba tatu anasema yeye hushinda kazini na hujisaidia hukohuko, kwa hiyo alipe nusu.

Mwenye Nyumba Mstaafu
Kagueni kwanza chumba namba tatu wanalala wangapi.

Fundi Chemba
Kama hawataki kusema wanamwaga wapi, basi ni mtoni. Mkilipa mtakuwa mmetapisha kwa mapipa tu. Wabaneni wakuonyesheni risiti ya mabwawani, au wapeleke mapipa mpaka pale gari linaposimama, mgawane gari na nyumba za juu. Mimi nimefanya hivyo mara mbili na bei ilishuka.

Mtu wa Githurai
Chumba namba tatu hata huku yuko. Huku kwetu ni plot namba saba.

Mwanatandale
Fundi, hilo la kugawana gari nalipeleka kwenye kikao cha jioni. Ila manyunyu yameanza, na jirani wa juu nimemwona anapita na sururu.

Nesi wa Zamu
Mpigie mwenyekiti wa mtaa sasa hivi, usingoje kikao.

Mwanatandale
Mwenyekiti ndiye jirani wa juu.

Mnyalu wa Mbezi
Karatasi inaoza. Narudia.

Bint Pangani
Chimba uone.